Ubaguzi: kwa nini mmoja anauona na mwenzake anasema hamna kitu

Msimu mmoja wa korosho, miaka kadhaa nyuma, nilikuwa dirishani kwenye ofisi moja hapa Mtwara mjini nasubiri kugongewa muhuri karatasi zangu, nipo na dada mmoja tuliyekuwa tunafanya kazi wote, yeye kwao Moshi, kaletwa huku na kazi. Mbele yetu kuna mbaba kaweka karatasi zake, karani kazitazama, kagonga muhuri, imeisha, hata dakika mbili hazijafika. Nikasogea mimi. Karani akasoma jina langu, akanyanyua uso akanitazama, akarudisha macho kwenye karatasi, "Barua ya mtendaji iko wapi?" Nikamwambia mbona yule wa mbele hujamuuliza barua. Akarudia swali lile lile, taratibu, neno moja moja, kama anaongea na mtoto mdogo. Jina langu ukilisikia tu unajua kwetu ni Newala, kwa Wamakonde, halihitaji maelezo.

Tulipotoka nje nikamuuliza mwenzangu, umeona? Akasema nimeona nini. Tulibishana kuanzia pale mpaka tunafika Chikongola, mi nasema karani kaona jina kaamua kunisumbua, ye anasema karani kachoka, joto lile, mwache. Na kilichoniuma zaidi kuliko karani ni huyu rafiki yangu aliyesimama hatua moja nyuma yangu, kasikia maneno yale yale, halafu ananiambia hamna kitu.

Wiki tatu baadaye nikajua kwamba yule mbaba alikuwa anahuisha kibali alichokuwa nacho tangu mwaka wa nyuma, na mimi nilikuwa naomba kipya, na barua ya mtendaji ni kwa wanaoomba vipya. Tangazo lilikuwa limebandikwa ukutani pale pale, nililipita bila kulisoma. Kwa hiyo kwenye barua nilikosea, nakiri. Ila ile sauti ya kuongea na mimi kama sielewi Kiswahili, hiyo tangazo la ukutani haliielezi, na mpaka leo sijui ilikuwa ya uchovu au ya jina.

Nimelikumbuka hilo tukio mara nyingi kwa sababu watu wengi wakibishana kuhusu ubaguzi wanabishana kama sisi siku ile, mmoja anasema upo mwingine anasema haupo, na kila mmoja anamuona mwenzake ama mlalamishi ama kipofu. Wakati kumbe kuna mambo mawili yamechanganywa hapo, kuna kilichotokea na kuna macho yaliyokiona, na macho hayaanzi kazi siku hiyo, yanakuja na yote yaliyoshawahi kuyaona.

Kuna jaribio moja la Marekani ambalo kila nikilisimulia watu wananyamaza kidogo. Mwaka 1980 wanasaikolojia wawili, Robert Kleck na Angelo Strenta, walichapisha matokeo yake. Waliwachukua watu wakawachora kovu usoni kwa rangi zile za wasanii wa maigizo, wakawapa kioo wajione, kovu baya kweli. Wakawaambia utaenda kuongea na mtu chumba cha pili, tunataka kujua atakuchukuliaje kwa sababu ya kovu. Sasa kabla hajatoka wanamwambia subiri tukupake mafuta kidogo kovu lisipasuke, kumbe wanalifuta. Mtu anaenda kuongea uso wake mzima, safi, hana kovu lolote, ye anajua analo. Wakirudi wanaulizwa vipi, wanasema yule mtu alikuwa ananikodolea macho, alikuwa hana raha, alikuwa anakwepa. Na yule mtu wa chumba cha pili hajaona kovu wala hajaambiwa habari za kovu.

Nilipolisoma mara ya kwanza nilijiona mimi pale dirishani, moja kwa moja. Nilikwenda na kovu langu usoni.

Ila hapa inabidi twende polepole maana kuna watu wakishasikia hili jaribio wanalikimbiza sehemu ambayo halifiki, wanasema mnaona, ubaguzi uko kichwani mwenu. Jaribio halisemi hivyo hata kidogo. Wale watu walichorwa kovu wakafutwa muda huo huo, hawajawahi kuishi nalo. Halijasema kwamba mwenye kovu la kweli hakodolewi macho. Lilichoonyesha ni kwamba ukishategemea kutazamwa vibaya, mtu akikwepesha macho kidogo tu, jambo ambalo kila binadamu anafanya akiongea, wewe una tafsiri yake tayari. Swali la maana zaidi ni la nyuma yake, huyo mtu alijifunzia wapi kutegemea hivyo, nani alimchora.

Na huku kwetu kusini hilo swali lina majibu yenye tarehe.

Mjomba wangu alikuwa mtoto mdogo wakati Waingereza wanaleta mpango wa karanga Nachingwea, ulioanza 1947. Walianza kujenga bandari Mtwara, wakajenga reli ya kwenda Nachingwea, halafu mpango ukafa, 1951 wakauacha. Reli ikaendelea kwa miaka michache, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Mjomba alisimama na wenzie pembeni wanaangalia mataruma yanapandishwa kwenye magari yanaondoka. Shuleni kwao kengele ilikuwa kipande cha reli kimening'inizwa kwenye mwembe, kinagongwa na nati kubwa, na mpaka leo ukimuuliza atakwambia ile kengele ndo reli pekee tuliyobakiziwa. Hapa Mtwara mjini kuna kata inaitwa Reli, mgeni akifika anauliza stesheni iko wapi. Halafu ikaja miaka ya barabara, watu wa umri wangu wote tunakumbuka kulala Ndundu kusubiri pantoni ya kuvuka Rufiji, mvua zikinyesha ndo kabisa, Dar ni kama nchi nyingine. Daraja la Mkapa limefunguliwa 2003.

Sasa chukua mtu huyo mwenye historia hiyo, umwambie mwaka 2012 kwamba gesi ya Msimbati, iliyogunduliwa tangu 1982, itawekewa bomba la zaidi ya kilomita 500 iende Dar es Salaam. Kilichofuata kinajulikana, maandamano ya Desemba 2012, vurugu za Januari na Mei 2013, mali zikaungua na watu wakapoteza maisha, na bomba likakamilika 2015. Mi hapa sitaki kurudisha ule mjadala wa gesi ya nani. Nataka uone macho tu. Mtu wa mkoa mwingine aliangalia bomba akaona mali ya taifa inapelekwa penye viwanda vingi, akashangaa hawa watu wa kusini mbona wabinafsi hivi, mbona watu wa Geita hawajaigomea dhahabu yao. Mjomba aliangalia bomba lile lile akaona mataruma yanapandishwa tena kwenye magari. Ukimwambia mjomba "hii ni tofauti" unamwambia kitu ambacho pengine ni kweli, ila hujamjibu.

Na nimesikia mara nyingi sana watu wakisema, kusini mmetoa Rais, Mkapa kaongoza miaka kumi, 1995 mpaka 2005, mwana wa Lupaso, Masasi, sasa mnabaguliwa na nani? Hii hoja ina nguvu ukiisikia harakaharaka. Ila mtu mmoja aliyepita mlangoni anathibitisha tu kwamba mlango haujapigiliwa misumari, haisemi chochote kuhusu wangapi wamegonga wakarudishwa. Na aliyepita mwenyewe, awe rais, awe mkurugenzi, awe binti wa Tandahimba aliyepata kazi benki, mara nyingi atakwambia kwa moyo mweupe kabisa kwamba yeye hakubaguliwa, na ni kweli, hiyo ndo experiensi yake, tatizo ni akiigeuza kuwa sheria ya watu wote.

Turudi kwa rafiki yangu wa Moshi, maana sijamtendea haki bado. Nilimuona kipofu siku ile. Miezi kama sita baadaye tumekaa tunakula samaki, akaniambia kitu ambacho sikukitegemea. Kwamba akienda sokoni hapa Mtwara hana jina, ni "Mchaga" tu, na bei anayotajiwa ni ya Mchaga. Kwamba akikohoa tu kwenye daladala kuna mtu atasema Wachaga mmekuja kuchuma mkijaza mnaondoka. Kwamba kikombe cha hela ya sukari ofisini kikipungua, macho ya kwanza yanakwenda kwake. Na unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, aah, huo utani tu, sisi ndo tulivyo. Nilisema haraka, bila hata kufikiri, na nilikuwa na uhakika kabisa. Mimi niliyebishana naye mpaka Chikongola. Mara ngapi nimekuwa naye hapo hapo sokoni, yale maneno yanapita masikioni mwangu mawili haya, sikuyasikia hata mara moja, kwa sababu hayakuwa yangu.

Utani ni jambo zito kwetu na linachanganya hii mada kuliko kitu chochote. Utani wa kweli wa makabila una pande mbili, Mngoni anamtania mtani wake na yeye anataniwa, kwenye msiba mtani anafanya vituko na anapewa haki yake, wote mnajua mipaka iko wapi na mmezikana. Sasa mtu mmoja katikati ya watu arobaini, hana wa kumjibia, hana mtani wake pale, kila siku neno lile lile, hapo utani umebaki jina. Ila anayesema hawezi kuona tofauti, kwa sababu kwake neno lina uzito ule ule wa juzi. Anayebeba ndo anajua ni mara ya mia ngapi. Yani mmoja anahesabu tukio na mwingine anahesabu jumla, na wote wanasema ukweli wao.

Hata neno machinga liko hivyo. Wamachinga ni watu wa Lindi, kabila, na jina lao limegeuka kuwa jina la kila anayetembeza bidhaa mjini nchi nzima. Nimemsikia kijana wa Lindi akilisema kwa fahari, sisi ndo tulioanza biashara ya miguu Dar. Nimemsikia mwingine akisema kila wakisema "ondoa machinga barabarani" anasikia kabila lake linafagiliwa. Kila mmoja na maisha yaliyomfikisha hapo.

Na marehemu bibi yangu, Mmakonde wa juu kule Newala, alikuwa na neno Mmawia, kwa Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Alilitamka kama anatema. Hawa ni ndugu, lugha inasikilizana, wengi wamekuja huku kulima mkonge na kutafuta maisha, na bado kwake walikuwa watu wa chini. Bibi huyo huyo alilia kwa uchungu siku mjukuu wake alipoitwa "Mmakonde mshamba" huko Dar. Kuonewa hakukumpa macho ya kuona anavyoonea. Hili linanisumbua kuliko yote niliyoandika humu, maana siku zote nilidhani maumivu yanafundisha. Yanafundisha kuona yanayokugonga wewe.

Wanasaikolojia wana jina la hili la kuona kasoro za macho ya wengine na kukosa kuziona za kwako, kwa Kiingereza wanaliita "bias blind spot". Mwaka 2002 Emily Pronin na wenzake walionyesha kwamba watu wakielezwa aina za upendeleo wa akili, wanakubali zipo, na wanasema zipo zaidi kwa watu wengine kuliko kwao. Hata ukiwaelezea kwamba hilo lenyewe ndo kosa, bado.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani nasema watu wengi wanaona ubaguzi usiokuwepo. Utafiti umekuta zaidi upande wa pili, watu wanashindwa kuuona uliowapata wao wenyewe. Faye Crosby alifanya utafiti na wafanyakazi wanaoishi mji wa Newton, Massachusetts, Marekani, akautoa 1982. Wanawake walikuwa wanalipwa chini ya wanaume wenye kazi za hadhi ile ile. Akawauliza, wanawake wanabaguliwa kazini? Ndiyo, sana. Na wewe? Hapana, mimi niko sawa tu. Kila mmoja anajiona yeye ndo amebahatika. Donald Taylor na wenzake wakakuta mfano wa hilo hilo kwa wanawake wa Haiti na wa Asia Kusini wanaoishi Montreal, Kanada, utafiti wa 1990, kundi letu linabaguliwa ila mimi binafsi siyo kiivyo.

Kwa nini? Kuna moyo, hakuna anayependa kuamka kila siku akijua bosi wake anamdhulumu. Lakini kuna sababu nyingine kavu zaidi, ya jinsi habari zinavyotufikia. Crosby na wenzake walilijaribu hili mwaka 1986, wakawapa watu takwimu za mishahara ya kampuni ya kutunga ambayo inawapunja wanawake. Waliopewa habari vipande vipande, idara moja kwanza, nyingine baadaye, waliuona ubaguzi kidogo tu, kila kipande kina sababu yake, huyu elimu, yule miaka ya kazi. Waliopewa zote kwa pamoja waliuona zaidi. Takwimu zile zile.

Na maisha yanakuletea vipande. Ukikosa kazi huoni mafaili ya waliopata. Ndo maana majaribio kama la Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, 2004, yana thamani kubwa. Walituma barua za maombi ya kazi karibu 5,000 Boston na Chicago, sifa zinafanana, majina tofauti, mengine ya Kizungu kama Emily na Greg, mengine ya watu weusi kama Lakisha na Jamal. Wenye majina ya Kizungu walipigiwa simu moja kwa kila barua 10, wenye majina ya watu weusi moja kwa kila 15. Sasa fikiria wewe ndo Jamal. Umetuma 12 umekosa zote. Emily pia kuna siku anatuma 12 anakosa. Hakuna barua hata moja unayoweza kuinyooshea kidole ukasema hii hapa, na bado ubaguzi upo na unapimika.

Kuna la mwisho linalofanya ubaguzi uonekane mdogo kuliko ulivyo, nalo ni gharama ya kusema. Cheryl Kaiser na Carol Miller walionyesha 2001 kwamba mtu mweusi akisema nimefelishwa kwa ubaguzi, watu wanamuona mlalamishi, hata pale ambapo wameshaambiwa wasahihishaji ni wabaguzi. Kwa hiyo wengi wananyamaza, wakinyamaza malalamiko yanakuwa machache, yakiwa machache wengine wanasema mnaona, hamna shida.

Nadhani ndo maana walioandika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 walifanya jambo la busara kwenye kifungu cha 7. Kinakataza ubaguzi kazini kwa kabila, mahali mtu anakotoka, dini, jinsi, mimba, ulemavu, umri na mengineyo, ila pia mfanyakazi akishaonyesha dalili za kutosha, mzigo unahamia kwa mwajiri, yeye ndo athibitishe kwamba hakubagua. Kwa sababu karatasi anazo yeye. Mfanyakazi ana hisia na vipande.

Sisi karatasi tuliipata kwa bahati. Msimu ule ule, mimi na huyo dada tulikuwa makarani wa mizani kwenye ghala moja la korosho, tunaandika uzito wa magunia kuanzia asubuhi mpaka taa zinawashwa, tuko makarani tisa, wanawake wanne. Malipo tunapewa kwenye bahasha, mmoja mmoja, unaitwa ndani unasaini unatoka, na hakuna anayemuuliza mwenzie, ni aibu. Jioni moja msimamizi aliitwa nje kwenye gari lililokwama, akaacha karatasi ya malipo mezani, yule dada akaingia kuchukua kalamu. Akaniita kwa mkono. Majina tisa, tarakimu tisa. Akaweka kidole kwenye jina lake, akakishusha kwenye langu, akakipandisha kwa wanaume, elfu tatu pungufu kwa siku, wanawake wote wanne, hakuna aliyepona. Mimi wa Newala na yeye wa Moshi, mimi niliyeona ubaguzi kwenye muhuri na yeye asiyeona, wote wawili tulikuwa tumekaa ndani ya ubaguzi huu tangu Oktoba tunasaini na kusema ahsante.

Tulienda wanne kuuliza. Msimamizi akasema wanaume wanapanda juu ya magunia kuhesabu. Dada mmoja mtu mzima wa Mikindani akamuuliza kwa adabu kabisa, baba, msimu huu umemuona karani gani amepanda, maana wanaopanda ni vibarua. Akasema ataangalia. Msimu ule hakikubadilika kitu, mmoja wetu hakuitwa tena kazini na hatukuambiwa sababu. Msimu uliofuata bahasha zikawa sawa, na hilo nalo hatukuambiwa kwa nini, ila safari hiyo tulizifungua pale pale nje kwenye kivuli cha mkorosho, wote nane, tukahesabu kwa sauti.